Saa za Umeme za Evelio

Nilipopata nafasi ya kwenda kozi Montevideo, Uruguai, wa kwanza kupanda ngazi kuja kunipongeza alikuwa Zoraida, jirani yangu wa chini. Alikaa kwenye kiti cha bembea cha mume wangu bila kukaribishwa.

"Shoga, hongera," alisema. "Na lile jiko la presha la umeme unamwachia nani?"

"Namwachia nani vipi? Naenda wiki tatu."

"Haya, wiki tatu." Akanikonyeza. "Mie nauliza tu. Nisije nikatanguliwa na wale wa ghorofa ya juu."

Kwetu Bayamo, Kuba, mtu akipata safari ya nje, iwe ya semina, iwe ya mazishi, watu hawamuulizi anarudi lini. Wanamuulizia vyombo. Kabla hata sijashusha sanduku kutoka juu ya kabati, feni yangu ilikuwa imeshaombwa na watu wawili, na mkuu wa idara yangu chuoni, ambaye tumefundisha naye uhandisi wa umeme tangu tukiwa na nywele nyeusi, alinikumbatia kama tuko msibani. Niliwaambia wote kwamba narudi. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua kudanganya vizuri.

Na kweli nilikuwa narudi. Nilikuwa na mume, Evelio, fundi wa kuchonga vyuma ambaye kiwanda chake cha sukari kilishafungwa, na nilikuwa na mama mkwe, Mama Eulalia, aliyelala chumba cha nyuma mwaka wa tatu, mwili umekufa upande mmoja na ulimi mzima kabisa. Umeme ukikatika feni ya Mama inasimama, na kwa joto la kwetu lazima mtu akae pembeni ya kitanda ampepee kwa kipande cha katoni. Kazi hiyo tuligawana mimi na Evelio. Nikiondoka, inabaki mikononi mwake peke yake.

Halafu kulikuwa na uchovu. Sijui niuelezeje kwa mtu asiyeujua. Kwetu umeme hauna adabu ya saa. Unakuja unapotaka, na ukija unaamka, hata kama ndiyo kwanza umefumba macho: unapandisha maharage, unapiga pasi, unavuta maji, unachaji simu, na hujafika nusu ya kazi unakatika tena. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na nilikuwa nimesahau usingizi wa kuanza jioni ukaishia asubuhi ukoje.

Evelio ndiye aliyenisukuma niende. Nilikuwa natafuta visingizio, akanikatiza.

"Nenda, Nere," alisema. "Kozi ni kozi. Wewe nenda ukalale."

Kozi yenyewe ilikuwa na jina refu kuliko foleni ya mkate: Ulinganisho wa Matumizi ya Nishati katika Nchi za Amerika Kusini na Karibiani. Tulikuwa watu kumi na kidogo, kila mmoja na nchi yake. Nililala kwa mjane mmoja aitwaye Bibi Elbia, karibu na chuo. Usiku wa kwanza nilijaza maji ndoo zake zote, nikagandisha chupa kwenye friji yake, nikapiga pasi nguo za wiki tatu na kuchemsha maharage ya siku tatu. Sikukusudia. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe.

Asubuhi Bibi Elbia alisimama mlangoni mwa bafu lake, akatazama ndoo zilivyojipanga.

"Mwanangu, kwenu kuna vita?"

"Hapana, Bibi."

"Basi vita viko hapa, ila mimi sijaambiwa."

Mwalimu wetu alikuwa Profesa Bentancor, mrefu, sweta limechakaa viwiko, chupa ya maji moto kwapani kutwa nzima kwa ajili ya ile chai yao chungu wanayoinyonya kwa mrija wa chuma. Jirani yangu wa darasani, Wilfrido, alitoka Paraguai, na yeye majani hayohayo aliyanywa kwa maji ya barafu, katikati ya baridi ya Julai. Wawili hao walitazamana kwa mashaka tangu siku ya kwanza.

"Profesa," Wilfrido alimwambia, "sisi tuna bwawa la umeme kubwa mpaka tunawauzia majirani, na mama yangu anapikia kuni. Kozi yako ikinieleza hilo tu, naondoka nimeridhika."

Profesa alicheka, akawasha mashine yake ya kuonyeshea picha ukutani. Ulikuwa mchoro wa nguzo, kila nchi na nguzo yake, unaoonyesha mtu mmoja anatumia umeme kiasi gani kwa mwaka. Nguzo ya Uruguai ilikuwa ndefu. Yetu ilikuwa fupi, karibu na sakafu.

"Tazameni Kuba," alisema Profesa, na alisema kwa heshima, nisimsingizie. "Mtu wa kule anatumia kidogo sana kuliko sisi, na bado wana shule, wana madaktari. Kuhusu kubana matumizi, nadhani kuna la kujifunza pale."

Darasa zima likanigeukia likinitazama kama mtakatifu. Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Mwanamke amesafiri siku mbili, amechoka hadi kwenye mifupa, halafu anasifiwa kwa giza lake.

"Profesa, hayo si matumizi," nilisema.

"Ni nini, basi?"

"Ni tulichopewa. Ukimnyima mtu chakula usije ukamsifu kwamba anafunga. Mchoro wako unapima kilichotoka kwenye mtambo. Haupimi tulichotaka kuwasha."

Profesa aliweka chupa yake mezani. Tangu kozi ianze sikuwahi kumwona akiitoa kwapani.

Baada ya kipindi aliniita ofisini. Alikuwa na fedha za utafiti wa miaka miwili, alisema, na alikuwa anatafuta mtu. Alitaka kujua umeme ule ambao watu wangeutumia lakini haupo ni kiasi gani, nyumba kwa nyumba, kwa sababu bila huo ulinganisho wote wa nchi na nchi ni ubabaishaji. "Nimeufundisha mchoro huu miaka kumi," alisema, "na hakuna aliyeniambia ulichoniambia leo. Baki ufanye kazi hii. Nipe jibu kozi ikiisha."

Kubaki kulikuwa na maana yake. Chuo changu kingenifuta kazi, na mwenye kufutwa namna hiyo harudi kuomba kiti chake. Evelio asingeweza kunifuata, maana Mama Eulalia habebeki. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, nami nililijua tangu nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha Profesa: je, naweza kumwacha Evelio miaka miwili na ile katoni mkononi?

Nilimweleza siku hiyohiyo. Tulikuwa tunawasiliana kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu mtandao wa kwetu nao huzimika ukiamua. Tena kozi ilitutaka kila mmoja afuatilie nyumba moja ya kwao kwa wiki zote tatu, umeme umekuja lini, umekatika lini, umefanya nini. Nyumba yangu ilikuwa yetu, na mpimaji wangu alikuwa Evelio. Kila asubuhi alinitumia saa zake.

Saa za wiki ya kwanza zilikuwa zilezile ninazozijua. "Jana umekuja jioni, umekaa saa mbili. Nimewahi wali, maharage yamebaki mabichi. Mkono unaniuma, Nere. Mama anasema napepea kama mvivu."

Kisha nikamwambia habari ya Profesa, na baada ya siku mbili mambo ya Bayamo yakaanza kunyooka.

"Wanasema meli ya mafuta imeingia," ulisema ujumbe wake. "Jana tumekaa nao kutwa."

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Keshokutwa ulikatika kidogo mchana, ukarudi. Feni ya Mama inazunguka, alisema Evelio, na yeye mwenyewe ameanza kusikiliza besiboli redioni kama zamani. Niliyachora yote kwenye karatasi yangu ya kozi, mstari unapanda, na nikauona mwili wangu unashuka mabega. Nilianza kulala. Nilikuwa naamka asubuhi mkono uko chini ya shavu, alama za mto usoni, Bibi Elbia ananigongea mlango kwa sababu chai inapoa.

Wilfrido aliona mstari wangu, akaushangilia kwa namna yake.

"Dada, wewe umeondoka tu, umeme umerudi! Kumbe ulikuwa unautumia wote peke yako."

"Nilikuwa napiga pasi sana," nilimjibu.

Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mhandisi mzima, ninayejua mitambo ya kwetu ilivyo mikuukuu, nikameza habari ya meli moja ya mafuta kama mtoto anavyomeza peremende. Wiki hiyo walitupeleka vilimani kuona mitambo ya upepo. Ilikuwa imesimama mirefu, myeupe, inazunguka polepole juu ya ng'ombe wasioijali, na kijana aliyetutembeza alilalamika kwamba upepo ukizidi wanakuwa na umeme mwingi usio na mtu wa kuuwasha. Wiki moja kabla ningemrukia shingoni. Siku hiyo nilimsikiliza, nikala andazi lake la mafuta, nikamwonea huruma.

Jumapili nilitembea kando ya mto wao mpana mpaka miguu ikachoka, na nikaamua. Ningebaki. Kama umeme wa nyumbani umetengemaa, Evelio atalala, Mama atapata upepo, na mimi nitafanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya kufundisha wanafunzi wanaosinzia. Nilimuuliza Bibi Elbia kama chumba chake kinaweza kuendelea kuwa changu. Alisema ndiyo, mradi ndoo zake azipate.

Siku ya mwisho kila mtu alisimama mbele kuonyesha nyumba yake. Profesa alipenda sana tusikie na sauti za watu wenyewe, si namba tu, kwa hiyo nilipanga kumalizia na ujumbe wa Evelio wa asubuhi ile. Nilikuwa nimeusikiliza njiani, upepo unanipiga sikioni, na nilipopata saa nilizozitaka niliuzima. Ndivyo nilivyofanya kila siku. Evelio akishataja saa, kinachobaki ni salamu za jengo zima, nani kaugua, nani kazaa, na nilikuwa nachelewa darasani.

Nilieleza mstari wangu. Nilieleza wiki ya kwanza ilivyokuwa chini na mbili zilizofuata zilivyopanda. Kisha nikaunganisha simu na spika za darasa, na sauti ya mume wangu ikajaa chumba kile chenye joto la mabomba ya maji moto.

"Nere, mke wangu, habari za huko. Huku kwema. Umeme haujakatika tangu jana asubuhi, andika hivyohivyo. Feni ya Mama inazunguka, amelala kama kichanga. Mimi nimepiga pasi mpaka soksi. Usiwe na wasiwasi, Zoraida anakusalimu, na yule binti wa ghorofa ya juu..."

Hapo ikapasuka kelele. Kwanza koo moja la mwanamke, na koo la Zoraida ningelitambua hata kaburini. Kisha jengo lote, kisha mtaa mzima, watoto wanapiga mayowe, mtu anagonga sufuria, sauti zimechanganyika mpaka neno halisikiki, ni ngurumo tu ya furaha. Evelio alinyamaza katikati ya sentensi. Na karibu na simu nikasikia feni yetu inaanza kuzunguka, lile panga lake lililopinda linagonga kizuizi, pole, pole, kisha haraka. Ujumbe ukaishia hapo, kama kidole kimemponyoka ukajituma wenyewe.

Wilfrido alipiga meza kwa kiganja. "Goooli! Nani kafunga?"

Darasa likaangua kicheko. Katika mji ule mtaa ukinguruma vile ni goli, haiwezi kuwa kitu kingine.

"Sikujua siku hizi Wakuba ni watu wa mpira," alisema Profesa akitabasamu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Mstari wangu ulikuwa ukutani nyuma yangu, mzuri, unapanda, na mbele yangu kulikuwa na kazi ya miaka miwili na kitanda ninachoweza kulala mpaka asubuhi. Ningesema ni mpira tu na wote wangeridhika, na mimi ningeendelea kuamini. Nilifungua kinywa na hasira ikatoka yenyewe.

"Hilo si goli," nilisema. "Kwetu tunapiga kelele hivyo umeme ukirudi."

Profesa alikunja uso. "Lakini amesema haujakatika tangu jana."

"Ndiyo. Amesema."

Niliwaambia wazifute saa zangu za wiki mbili za mwisho, ni za uongo, za wiki ya kwanza ndizo za kweli, na nikarudi kukaa. Wilfrido hakunitania. Alinisogezea kibuyu chake cha maji ya barafu, nami nikanywa mpaka meno yakauma, kwa sababu sikutaka kulia mbele ya nchi kumi na kidogo.

Simu ilikubali kesho yake mchana.

"Umeme upo?" nilimuuliza bila salamu.

"Upo, Nere, tangu..."

"Evelio."

Nilisikia kiti chake cha bembea kikilia.

"Upo tangu sasa hivi," akasema.

"Na jana?"

"Jana achana nayo. Imeshapita."

"Umenifanya mjinga mbele ya watu! Nimesimama pale na kalamu yangu ninaeleza uongo wako kama sayansi!"

"Nimekufanya ulale," alisema. "Sauti yako ilikuwa imebadilika. Ulikuwa unacheka kwenye hiyo simu. Unajua ni lini mara ya mwisho umecheka humu ndani? Mimi sijui. Nikasema, kama ni saa za umeme tu ndizo zinamfanya acheke, basi nampa saa. Huku hakuna kingine cha kumpa."

"Ukilala nani anampepea Mama?"

"Silali," alisema, na papo hapo nikasikia amejuta kulisema.

"Narudi Jumanne."

"Urudi ufanye nini? Utawasha taa kwa vidole? Sasa hivi tuko wawili gizani. Ukija tutakuwa watatu. Ndiyo hesabu mnayofundishana huko?"

Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ya Mama Eulalia, kali kama siku zote. "Mwambie akirudi bila sabuni asipande ngazi zangu!"

"Mama anasema..."

"Nimemsikia."

Nilicheka, na nilichukia kwamba nimecheka. Evelio akachukua nafasi hiyo.

"Lile jiko la presha nimempa Zoraida," alisema.

"Umempa?"

"Juzi. Kwa hiyo ukirudi hata cha kupikia maharage hatuna. Sikiliza, mke wangu. Mkono wangu hauwezi miaka miwili, sitakudanganya tena. Lakini huko kuna feni za betri. Kuna taa za jua. Kaa, fanya kazi yako, ututumie. Ukirudi, hata hizo hatutazipata."

Nilizunguka chumba cha Bibi Elbia na simu sikioni. Kila alichosema kilikuwa sahihi, na kila kitu mwilini mwangu kilikikataa. Mwisho nilimwambia nitabaki kwa sharti moja. Nyumba yetu itakuwa ya kwanza kwenye utafiti, na kila asubuhi anipe saa kama zilivyokuwa, bila meli ya mafuta, bila soksi.

"Utalala?" aliuliza.

"Hilo halikuhusu."

"Haya. Utapata kweli tupu. Ila usije ukanililia kwenye simu."

Nilibaki. Niliwatumia feni ya betri kwa mkono wa mwanamke wa Holguín, mji jirani na kwetu, aliyekuwa anarudi, na ilifika, na Mama Eulalia aliisema vibaya wiki nzima kabla ya kukubali kulala nayo. Lakini betri nayo hujazwa na umeme, na umeme ukikawia siku mbili feni ya maana inakuwa pambo. Taa ya jua waliyopata iliibwa kwenye roshani. Nilituma nyingine.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Tulipata nyumba kwanza sita, kisha thelathini, katika nchi tatu. Kila nyumba ilitaja saa za umeme, na kwa zile saa ambazo haukuwapo tuliuliza jambo moja: ungekuwapo, ungewasha nini? Hilo ndilo Profesa alilipenda kuliko yote. Ndipo tulipoanza kuchora nguzo ya pili juu ya ile fupi, nguzo ya vitu vilivyotakiwa, na kwa nyumba zetu ilikuwa inapita dari.

Evelio alitimiza ahadi. Hakunidanganya hata mara moja. Mwanzoni orodha yake ilikuwa ndefu na ya vituko. Angewasha feni ya Mama, pasi, redio, taa ya ngazi ili Zoraida aache kumtukana kila akijikwaa, mashine yake ya kuchonga vyuma kama kiwanda kingemrudishia, na lile jiko la presha kama Zoraida angekuwa na aibu. Nilikuwa nazisikiliza asubuhi kabla ya chai, hadi mwisho sasa, mpaka salamu za jengo zima. Usingizi uliondoka tena. Nilikuwa naamka kwa saa za Bayamo, ndani ya nyumba ambayo taa hazijawahi kuzimika, nikilala macho wazi nikisikia friji ya Bibi Elbia inavyonguruma kwa raha zake.

Miezi ikapita, orodha ikafupika. Sikuiona ikifupika, kwa sababu ilipungua kitu kimojakimoja. Mashine ya vyuma iliacha kutajwa. Kisha redio. Kisha pasi. Profesa alikuwa anasafiri na michoro yetu kwenye mikutano na kupigiwa makofi, na mimi nilikuwa nimechoka kwa namna mpya, uchovu wa mtu anayekaa kwenye mwanga akiandika giza la mwenzake.

Mwaka wa pili, baridi ikianza kurudi, asubuhi moja, ujumbe ulikuwa mfupi.

"Nere. Leo umekuja alfajiri, umekaa saa moja. Sikupika. Nilikuwa nimelala sakafuni karibu na Mama, nikasikia wanapiga kelele, nikajiambia niinuke, sikuinuka. Na kile unachouliza kila siku, kwamba ungekuwapo ningewasha nini. Weka hakuna."

Niliusikiliza mara mbili. Hakukuwa na salamu. Nilifungua kompyuta, nikaandika saa moja, na kwenye sehemu ya pili nikaandika hakuna, nikakaa nikilitazama neno lile. Kwa mujibu wa hesabu yetu nyumba yangu ilikuwa imetosheka. Ilikuwa na umeme wa saa moja na haikuhitaji zaidi. Ingelala kwenye mchoro wa Profesa karibu na sakafu, palepale ilipokuwa siku ya kwanza, na mtu mahali fulani angeisifu.

Nilimpelekea Profesa. Aliisoma amesimama, chupa kwapani.

"Hili jibu halina pa kuingia," alisema. "Tutaiondoa nyumba hii kwa mwezi huu. Nyumba nyingine ishirini na tisa zinatosha, Nereida. Tumebakiza miezi minne tu."

"Mimi nimemaliza, Profesa."

Alidhani ninamaanisha mwezi huo. Nilipomweleza, alikaa, akaniambia ninatupa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzisimamia, na kwamba nikirudi sina kazi wala kiti kule. Alisema kweli yote. Nilimshukuru, na nilimaanisha, kisha nikaenda kumwambia Bibi Elbia kwamba chumba chake kitakuwa wazi.

Simu ya Bayamo ilikubali jioni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu ya yote, ya taa na vidole, ya wawili gizani na watatu gizani, na mengine niliyoyatunga njiani, makali.

"Evelio, narudi," nilisema. "Usinianze."

Nilisubiri anianze. Kiti cha bembea hakikulia. Kutoka chumba cha nyuma Mama alikohoa tu, hakuniulizia sabuni.

"Njoo," alisema.